Nani Yuko Upande wa Pili wa Simu?

Ukikaa asubuhi moja kwenye benchi la wagonjwa wa nje, katika zahanati yoyote ya misheni, utaona jambo ambalo miaka 20 iliyopita halikuwapo. Mama mzee anaitwa chumbani kwa mganga, na nyuma yake anaingia mjukuu mwenye simu. Mganga akiuliza, "Mama, unasumbuliwa na nini?", mzee anaanza kueleza taratibu, lakini mjukuu amekwisha inua simu. Wameshasoma, wameshajua ugonjwa, wanachotaka ni dawa fulani tu. Mganga hukunja uso. Wapo na wanaosema wazi, "Kama simu inatibu, huku mmefuata nini?"

Hasira hiyo tunaielewa, maana foleni ni ndefu na mganga ni mmoja. Hata hivyo sisi tunaoandaa ukurasa huu hatukubaliani nayo. Mgonjwa aliyefokewa leo kwa sababu ya simu hataacha simu mwezi ujao; ataacha kumwambia mganga. Atarudi nyumbani na vidonge vya hospitali, atavimeza pamoja na unga wa mizizi aliouagiza kwa simu, na siku presha ikishuka mno au macho yakigeuka manjano hakuna atakayejua chanzo. Simu imekwisha ingia nyumbani mwetu na haitatoka. Kazi iliyobaki ni kujua jinsi ya kuishi nayo pale mtu anapougua.

Mara nyingi watu hutuuliza: tutajuaje kama yaliyomo kwenye simu ni ya kweli au ya uongo? Ni swali gumu, na familia nyingi hazina elimu ya kulijibu. Hata madaktari hubishana juu ya mambo mengine. Sisi tunapendekeza lianze swali jepesi zaidi, ambalo hata bibi asiyejua kusoma aweza kuliuliza: upande wa pili wa simu kuna nani? Je, ni mtu anayemfahamu mgonjwa huyu, aliyeiona kadi yake na anayejua dawa anazomeza? Au ni mtu asiyemjua, anayesema na watu elfu kwa mara moja? Au hakuna mtu kabisa, ni mashine tu inayopanga maneno?

Tuanze na mfano mwema, tena wa jirani zetu. Kuanzia mwaka 2007, watafiti nchini Kenya waliwachukua wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, wakawagawa katika makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida ya kliniki. Kundi la pili lilipata huduma ile ile, na juu yake ujumbe mfupi wa simu mara moja kwa juma kutoka kliniki yao. Ujumbe wenyewe ulikuwa neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu katika muda wa saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Aliyejibu "Shida", na yule aliyenyamaza, alipigiwa simu na mtumishi wa kliniki kuulizwa kulikoni. Basi, ni hayo tu. Hapakuwa na picha, wala video, wala mafundisho marefu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la madaktari liitwalo The Lancet. Waliotumiwa "Mambo?" walimeza dawa zao sawasawa zaidi kuliko wenzao, asilimia 62 kwa 50, na waliopatikana virusi vimedhibitiwa walikuwa asilimia 57 kwa 48.

Tunaupenda mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, ilitosha simu ya kawaida ya vitufe. Pili, ujumbe haukutaja ugonjwa wala dawa. Mume, jirani au mwenye nyumba akiishika simu ile, anaona salamu tu. Lakini nguvu yake yote ilitoka upande wa pili, kwa kuwa palikuwa na mtu wa kliniki ile ile anayengoja jibu, na asipolipata anatafuta.

Hapa Tanzania nako, mwaka 2012 ilianza kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyowatumia wajawazito na mama wenye watoto wachanga ujumbe wa bure, kuwakumbusha tarehe za kliniki, chandarua na dalili za hatari. Katika kampeni hiyo mwandishi hakumjua mama mmoja mmoja. Ila alijulikana yeye mwenyewe, yaani Wizara ya Afya na washirika wake, na tena ujumbe ulimrudisha mama kliniki. Nadhani hapo tumepata kipimo cha pili cha kumsaidia mtu wa kawaida. Tazameni ushauri unampeleka wapi mgonjwa. Ukimpeleka karibu na mganga wake, unaweza kuusikiliza. Ukimwondoa kwa mganga wake, shtukeni.

Sasa tutazame upande huu wa simu, maana nao una mambo yake. Mara nyingi mgonjwa si yeye anayeshika simu. Anayeishika ni kijana wa kidato cha pili, mwenye macho mazuri na bando, na kurasa anazozifungua aghalabu ni za Kiingereza. Yeye ndiye anayechagua cha kusoma, anatafsiri, anafupisha na kuacha yale yasiyoeleweka. Zaidi ya hayo, kuna mambo mzee hawezi kumwambia. Mzee anayeamka mara tano usiku kwenda kukojoa, tena mkojo unatoka kwa shida, atamwambia mjukuu wa kike, "Mgongo unauma." Mjukuu atatafuta maumivu ya mgongo, na simu itamletea mazoezi ya mgongo. Mama mwenye kutokwa na damu baada ya kukoma hedhi atamwambia kijana wake, "Nasikia uchovu." Simu hujibu swali lililoulizwa, nalo limepita kwenye aibu ya watu wawili kabla ya kuifikia.

Kwa hiyo familia ichague mshika simu, na mgonjwa mwenyewe amkubali. Mara nyingi anayefaa ni binti mkubwa, au dada, au mke, hata kama yule kijana ni hodari zaidi wa kubonyeza. Na mshika simu ajue mipaka ya kazi yake. Kazi yake si kutafuta jina la ugonjwa. Kazi yake ni kumsaidia mgonjwa afike kwa mganga akiwa na habari kamili, na kumkumbusha aliyoambiwa huko.

Mintarafu vipimo, hapa tunaomba msomaji atulie kidogo, maana kosa dogo la tarakimu laweza kuua. Tuchukue sukari. Hospitali zetu nyingi hupima sukari ya damu kwa milimoli katika lita, na mashine huonyesha alama mmol/L. Kurasa nyingi za Marekani hutumia miligramu katika desilita, alama yake mg/dL. Kitu ni kimoja, ila namba ni tofauti kabisa. Kupata namba ya Marekani, chukua ya kwetu uzidishe kwa 18. Sukari ya 7 asubuhi kabla ya kula, ambayo ndipo daktari huanza kusema kisukari ikithibitika kwa kipimo cha pili, huko huandikwa 126.

Sasa fikirini. Mama ana kadi imeandikwa 15. Kijana anasoma kwenye simu kwamba sukari nzuri ni chini ya 100, na ikishuka chini ya 70 ni hatari, mgonjwa apewe haraka kitu kitamu. Anaona 15, anaruka: "Mama, sukari imekwisha mwilini!" Anampa soda na asali. Kumbe 15 yetu ni 270 ya kwao, sukari imepanda sana. Na yaweza kutokea kinyume chake. Ndugu aliyeko Marekani ametuma mashine ya zawadi. Mgonjwa aliyezoea kuona 6 au 7 anaona 95, anadhani anakufa, anajidunga insulini zaidi. Ile 95 ni kama 5 ya kwetu, sukari nzuri kabisa, na ile insulini ya ziada yaweza kumzimisha kabla ya jua kuchwa. Kabla ya kulinganisha namba yoyote na ya kwenye simu, tazameni kwanza alama iliyo pembeni yake. Msipoielewa, msifanye lolote juu ya dawa mpaka mmemuuliza muuguzi.

Majina ya dawa nayo ni vivyo hivyo. Paracetamol tunayoijua sisi, Marekani huitwa acetaminophen. Mtu aweza kumeza vidonge vya duka la hapa, na juu yake vile alivyoletewa kutoka ng'ambo, akidhani ni dawa mbili kumbe ni moja. Mtu mzima hatakiwi kuzidisha gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na kuzidisha huumiza ini. Kwa watoto ni hatari zaidi. Dawa ya maji tunayouziwa hapa kwa kawaida ina miligramu 120 katika mililita 5, ya Marekani ina 160. Ukurasa wa intaneti ukisema "mililita tano", ni mililita tano za chupa ipi? Mtoto hupewa dawa kwa uzito wake, na uzito wake umeandikwa kwenye kadi ya kliniki, si kwenye simu.

Vipo pia vifaa na programu zinazodai kupima. Mwaka 2016 watafiti wa Johns Hopkins, huko Baltimore, waliichunguza programu moja ya simu iliyokuwa imeuzwa sana miaka ya 2014 na 2015. Mtu aliweka kidole kwenye kamera na simu kifuani, akaambiwa presha yake. Waligundua kwamba kati ya watu waliokuwa kweli na presha ya juu, karibu wanne katika kila watano waliambiwa presha yao ni nzuri. Waliotaka kujua kama wako salama waliambiwa wako salama, wakaenda zao. Mwezi Februari 2024, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watu wasitumie saa wala pete zinazodai kupima sukari bila kutoboa ngozi, kwa kuwa ilikuwa haijaidhinisha hata moja ya namna hiyo. Saa za aina hiyo tumeziona zikitangazwa kwenye simu zetu, tena kwa bei ya chini kuliko kilo chache za nyama. Hiyo peke yake ingetosha kumfanya mtu ajiulize.

Kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima hewa ya oksijeni ni kifaa cha kweli na kina manufaa. Hata hivyo utafiti uliotolewa Desemba 2020 kutoka Chuo Kikuu cha Michigan ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Kama mtu anahema kwa shida na midomo inabadilika rangi, msikae mkibishana naye eti kifaa kimesema 95.

Anayetaka kupima presha nyumbani anunue mashine yenye mkanda wa kufunga kwenye mkono wa juu. Akae kimya dakika tano kwanza, apime mara mbili, aandike zote na tarehe. Na siku ya kliniki aibebe mashine yenyewe, ilinganishwe na ya pale. Simu ina kazi hapo: kutunza zile namba.

Tunafika sasa kwenye jambo linalotuumiza kuliko yote, nalo ni watu kuacha dawa. Wengi mnakumbuka mwaka 2011, kijiji cha Samunge kule Loliondo, na kikombe cha shilingi 500. Magari yalipanga foleni za kilomita nyingi kutoka kila pembe ya Afrika Mashariki. Wapo waliotolewa vitandani hospitalini wapelekwe huko, wapo waliofia katika foleni, na wapo wenye kisukari na wenye virusi vya UKIMWI waliorudi wakaacha dawa zao kwa kuamini wamepona. Hatuyataji haya ili kumcheka mtu. Waliokwenda walikuwa wamechoka na maradhi yasiyokwisha, na uchovu huo hauna elimu wala cheo; walikuwamo na wakubwa. Tunayataja kwa sababu mwaka ule mgonjwa alilazimika kupata nauli, kulala porini, kuona kwa macho yake. Leo kikombe kinamfuata kitandani saa tano ya usiku, kwenye simu, akiwa peke yake. Kinakuja na video ya mtu aliyevaa koti jeupe, na siku hizi kompyuta inaweza kutengeneza sura na sauti ya daktari anayeheshimika akisema maneno ambayo hakuyasema kamwe.

Wauzaji hao wana desturi zinazofanana. Dawa yao moja hutibu kisukari, presha, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume na uvimbe wa kizazi. Bei imepunguzwa, lakini mwisho ni leo usiku. Pesa itumwe kwa namba ya mtu binafsi. Hawana duka unaloweza kurudi kulalamika. Na mwishoni, kwa sauti ya upole, wanasema dawa za hospitali ndizo zinazokuharibu figo, ziache. Neno hilo la mwisho ndilo la kuwakimbia. Dawa halali huwa na usajili wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA, na dawa za asili zina Baraza lake la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mfamasia wa hospitali anaweza kuwasaidia kuuliza. Muuzaji akikasirika kwa kuulizwa, mmepata jibu.

Lakini tusiwalaumu wauzaji peke yao. Mgonjwa wa presha huacha vidonge kwa sababu hasikii maumivu. Hakuna aliyekaa naye dakika kumi kumweleza kwamba presha haiumi mpaka siku inapopasua mshipa wa kichwani, na kwamba kusikia vizuri si ushahidi kwamba presha imeisha. Huacha pia kwa sababu vidonge vimekwisha na pesa haipo, naye anaona haya kusema. Yule wa kwenye video alimweleza, alimpa muda, alimwita "mama yangu". Watumishi wa afya wapendwa, hapo ndipo tunaposhindwa nao, na hatushindwi kwa elimu.

Kuna na hizi mashine mpya za kujibu maswali, kama ChatGPT, iliyotolewa Novemba 2022. Zinaandika Kiswahili kizuri na cha adabu, hazichoki, hazifoki. Tunakiri kwamba zaweza kueleza vizuri maana ya neno lililoandikwa kwenye karatasi ya hospitali. Ila hazimwoni mgonjwa, na zaweza kukosea kwa ufasaha ule ule. Mwaka 2025 madaktari wa Marekani waliandika habari za mtu wa miaka 60 aliyetaka kupunguza chumvi ya mezani. Baada ya kuuliza ChatGPT, kwa miezi mitatu alitumia bromaidi ya sodiamu mahali pa chumvi. Akalazwa hospitalini majuma matatu, amechanganyikiwa, akidhani jirani anamtilia sumu. Huyo alikuwa mtu aliyesoma mambo ya lishe chuoni. Mashine ikiwaeleza neno, sawa. Ikiwaambia mle nini, mmeze nini au mwache nini, hilo lipelekeni kwa mtu.

Sasa tugeukie jambo la nyumbani kwetu kabisa, yaani kundi la WhatsApp la jumuiya. Mwenzetu anaugua, na kwa nia njema mmoja anapiga picha ya mgonjwa kitandani, na karatasi ya vipimo yenye jina, umri na ugonjwa, anaituma: "Tumwombee ndugu yetu, na tuchangie." Dakika hiyo hiyo imefika kwenye simu 40. Usiku imefika kazini kwake na shuleni kwa watoto wake. Hairudi tena. Kuna watu walioacha kwenda kuchukua dawa kliniki ya karibu kwa sababu ya habari za namna hiyo, na kuna nyumba zilizovunjika. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inahesabu habari za afya ya mtu kuwa ni nyeti. Wala tusingoje sheria. Kumwombea mtu hakuhitaji karatasi yake ya maabara. Jina linatosha, tena kwa ruhusa yake, na kama hawezi kusema, kwa ruhusa ya mwenzi wake au mzazi wake. Mchango nao upitie kwa mweka hazina wa jumuiya, kwa namba ile mnayoijua siku zote. Ukija ujumbe wenye namba mpya, pigeni simu, msikie sauti yake kwanza. Wezi wanajua kwamba Wakristo hutoa upesi wakisikia mtu yuko mahututi.

Tumesema mengi ya hatari, na pengine mtu ataona afadhali kuzima simu. Hapana. Ziko kazi ambazo simu huzifanya kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote. Piga picha maboksi yote ya dawa zilizoko nyumbani, za hospitali na za miti shamba, bila kuficha hata moja, umwonyeshe mganga. Kwa ruhusa yake, rekodi anachosema juu ya dozi, ili bibi akasikilize tena nyumbani. Weka kengele ya saa ya dawa. Andika tarehe ya kurudi. Na kwa maswali ya jumla ipo namba 199 ya Wizara ya Afya, isiyotozwa pesa.

Kwa watumishi wa afya tunaomba jambo moja lisilo na gharama. Kama mnavyouliza kila mgonjwa kama ana mzio wa dawa, muulizeni pia: "Na kwenye simu mmesoma nini? Kuna kitu mmeagiza?" Ulizeni kwa sauti ile ile, bila kucheka, mkaandike jibu kwenye kadi. Mtashangaa yatakayotoka.

Na kwa kamati za afya za parokia tunaomba jambo lenye gharama ndogo. Zahanati nyingi hazina namba ya simu ya zahanati. Watu humpigia muuguzi kwa simu yake mwenyewe, usiku, akiwa amelala na watoto wake, naye hurudisha simu kwa salio lake. Si haki, na ndiyo maana namba hiyo hupewa wachache tu wanaomfahamu. Wengine wote, usiku ule wenye wasiwasi, hawana wa kumwuliza ila mtandao. Nunueni simu moja ya vitufe, mwitie salio kila mwezi, ikae na muuguzi wa zamu, na namba yake iandikwe kwa rangi ukutani karibu na dirisha la dawa na kwenye kila kadi.

Hata hivyo kuna dalili ambazo hazingoji simu ya yeyote. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea asiyeamka. Mjamzito anayetokwa na damu, au mwenye kichwa kinachouma vikali na macho kuona ukungu. Mtu mzima ambaye ghafla mdomo umekwenda upande, mkono hauinuki, au maneno hayatoki sawasawa. Maumivu ya kubana kifuani yasiyotulia. Hapo msisome kitu, mpeni mtu mmoja simu atafute gari, wengine mfungeni mgonjwa vizuri na mwanze safari.